Majaribio Saba ya Mwalimu Kokushubila

Ukifika Goba ukauliza nyumba ya Mwalimu Kokushubila, hutaelekezwa kwa rangi ya ukuta wala kwa duka la jirani. Utaambiwa ni ile yenye kibao cha TAFADHALI FUNGA GETI chenye nukta nene mwishoni. Nukta hiyo fundi aliisahau. Mwalimu aliiongeza mwenyewe kwa rangi ya mafuta, akiwa amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, na hadi leo nukta ni kubwa kuliko herufi.

Alifundisha kemia miaka thelathini na mmoja katika sekondari za wasichana. Alipofiwa na mumewe Leodegar, alibaki na vitu viwili vya kulinda: binti yao Noela, na jina la ukoo. Noela alikuwa na miaka thelathini na mitatu, alikuwa na kazi yake na chumba chake Kinondoni, na angeweza kujilinda. Jina ndilo lilikuwa halina mtu mwingine. Basi Mwalimu alililinda kama mlinzi wa benki, kwa kuwatazama watu vibaya hata wanapopita tu.

Ndiyo maana barua ya posa ya Noela ilipofika, aliisoma akiwa na kalamu mkononi.

Barua ilitoka kwa mama yake Lusungu, kijana aliyetaka kumwoa Noela. Mama Lusungu anauza mchele wa Kyela huko Temeke. Aliishia darasa la saba, lakini alikataa kuandikiwa na mtu. Alisema anayeozesha mwanawe ni yeye. Aliandika kurasa mbili. Mwalimu Kokushubila aliziona kurasa zile hazina aya, hazina mkato, zinakimbia kutoka salamu hadi mahari bila kupumua, na mkono wake wa kulia ukafanya kile ulichokizoea kwa miaka thelathini na mmoja. Alisahihisha kwa wino mwekundu. Chini akaandika: *Umejitahidi. 64%.* Kisha, kwa kuwa hakuwa na nakala nyingine, akairudisha ili warekebishe.

Kwa upande wake aliona amewapa heshima. Wanafunzi wengine hakuwapa hata sitini.

Noela alilia kwenye simu. "Mama, umemsahihisha mama mkwe wangu."

"Nimemsaidia."

"Mama, hakuomba."

Upande wa kina Lusungu ukanyamaza wiki tatu. Baadaye mshenga wao akapiga simu kusema watakuja Jumapili, watu wanane, mama mwenyewe akiwemo. Hapo Noela akamwambia mama yake neno moja tu: "Jumapili naomba usimsahihishe mtu. Mie nakuomba sana."

Mwalimu alielewa. Hakuwa mjinga, alikuwa na kiburi tu, na vitu hivyo viwili havifanani ingawa vinakaa nyumba moja. Alijua kwamba mama yule akija akaondoka na donge, ndoa haipo. Alijua pia kwamba anapaswa kuomba radhi. Tatizo ni kwamba neno samahani, likitoka kwake, lilikuwa na tabia ya kugeuka njiani na kuwa maelekezo. Alijaribu mbele ya kioo cha bafuni. "Samahani, mama Lusungu, lakini ungeanza na anwani." Akazima taa akatoka.

Ndipo akaikumbuka chupa.

Leodegar alikuwa mtaalamu wa mkonge. Mwaka mmoja alirudi kutoka kwenye mkutano na chupa ya tekila aliyopewa na mtaalamu mwenzake wa Meksiko. Alimweleza mkewe kwamba kinywaji hicho hutengenezwa kwa mmea ambao ni ndugu yake mkonge. "Huu ni mkonge uliosoma zaidi," alisema, akacheka peke yake. Akasema itafunguliwa siku Noela atakapoposwa. Mwalimu hanywi, tena ni katibu wa jumuiya, na jumuiya husali nyumbani kwake kila zamu yake inapofika. Hakutaka chupa ya pombe ionekane kabatini karibu na picha ya mahafali. Kwa hiyo aliifumia gauni la uzi mweupe, lenye marinda, akachomeka maua ya plastiki shingoni kwa waya. Kwa miaka kumi na minne wanajumuiya walikuwa wakilisifu chombo kile cha maua.

Akaamua: Jumapili hakuna kreti za soda. Mama Lusungu atapewa kinywaji kilichotengenezwa kwa mkono, cha matunda, chenye tekila ya marehemu ndani yake. Atakayeonja ataelewa kuwa anaheshimiwa, na Mwalimu hatalazimika kufungua mdomo.

Ijumaa alikwenda soko la Mabibo, mbali na macho ya Goba, akanunua pasheni, maembe, nanasi, ndimu na tangawizi. Muuzaji alimuuliza kama ana shughuli. Akajibu kuwa ni kwa ajili ya wanakwaya. Hakuna aliyemlazimisha kudanganya. Alidanganya kwa ajili ya mazoezi.

Jumamosi saa nne asubuhi alivaa koti lake jeupe la maabara juu ya kitenge, akaweka simu juu ya kopo la unga, akamsikiliza binti mmoja kwenye video. Binti alisema utie shoti mbili za tekila. Mwalimu akasimamisha video. Shoti si kipimo. Alitafuta mililita, lita, hata kijiko cha chai, hakupata. Akachukua kikombe cha kahawa na kukitangaza kuwa ndicho kipimo cha jikoni humo. Binti akapaka chumvi kwenye mdomo wa bilauri. Mwalimu aliona ni uchafu, akarudia video mara tatu, akakubali kwamba ni makusudi. Nyumbani alikuwa na chumvi ya mawe tu. Akaitwanga.

Aliivua chupa gauni lake, akaitazama ikiwa uchi, akasema, "Samahani, baba Noela." Likatoka vizuri, bila lakini. Akalisikia mwenyewe, akashangaa.

Akapanga bilauri saba mezani, akazibandika namba kwa karatasi ya gundi, akafungua daftari. Hapa lazima ielezwe desturi ya kwao Bukoba, maana ndiyo iliyomponza. Kwa baba yake, mgeni hakuwekewa kibuyu cha lubisi, pombe ya ndizi, mbele yake mpaka mwenye nyumba aonje kwanza mwenyewe, wageni wakimwona akimeza. Kutema hakuruhusiwi, anayetema anaficha kitu. Mwanakemia yeyote angelowesha ulimi akatema kwenye sinki. Mwalimu alikuwa mwanakemia mzuri, lakini alikuwa binti wa baba yake kwanza. Akaonja akameza. Kilichobaki hakukimwaga pia, kwa sababu maembe ya Mabibo hayaokotwi.

Daftari lilianza vizuri. Jaribio la kwanza: *Ndimu imezidi. Rangi ya kuridhisha.* La pili: *Tangawizi ipunguzwe kwa nusu.* La tatu: *Pasheni inafunika harufu ya kileo kabisa. Hakuna athari yoyote iliyoonekana kwa mwonjaji.* La nne: *Nanasi ni tunda linalodharauliwa bila sababu.* La tano: *Leodegar angependa. Leodegar alikuwa mtu mzuri ila alikoroma.* La sita: *64% ni nyingi? 64% ni chache? Mama wa watu kaandika kurasa mbili kwa mkono. Mimi nilimwandikia nini?* Jaribio la saba lilikuwa na namba, nukta mbili, halafu mstari mrefu ulioteremka hadi pembeni mwa ukurasa kama barabara ya Goba.

Ilikuwa saa nane na nusu mchana. Alikuwa amekaa, koti la maabara limefungwa vifungo vya upande mmoja na matundu ya mwingine, akiyaeleza maganda ya embe tofauti ya mchanganyiko na kampaundi, aliposikia mtu getini.

"Hodi wenyewe."

"Marahaba," akajibu kwa sauti kubwa.

Geti likafunguka, akaingia Mzee Polikarpo, mshenga wa kina Lusungu, mstaafu wa reli mwenye miaka sabini na nne. Yeye Mwalimu ana sitini na tatu. Mwenye kuamkiwa alikuwa mzee, na alikuwa ameitikiwa shikamoo asiyoitoa.

"Shikamoo mzee," Mwalimu akasema haraka, akiinuka. Meza ikainuka naye kidogo. "Shikamoo tena."

"Marahaba zote mbili," akasema Mzee Polikarpo. "Nimekuja kujifunza njia, mama. Milima yenu hii, kesho nisije nikawapeleka wageni kwa watu wengine. Na kuna neno nimetumwa."

Mwalimu alimkaribisha sebuleni, akakimbilia jikoni kuficha ushahidi. Kwa kukimbilia inamaanishwa kwamba alifika. Aliivisha chupa gauni nyuma mbele, akachomeka maua moja kwa moja kwenye mdomo uliokuwa wazi, akairudisha kabatini mbele ya macho ya mgeni, kwa hatua za mtu anayebeba Ekaristi. Mzee Polikarpo akasogea, akainama kwenye maua ya plastiki.

"Maua yenu yananukia," akasema.

"Ni ya hapa hapa Goba," akasema Mwalimu.

Alirudi jikoni kuleta maji ya kunywa. Aliporudi na bilauri, moyo ukamshuka hadi kwenye kandambili. Daftari alikuwa amelibeba pamoja na chupa bila kujua, akaliacha kwenye kochi. Mzee Polikarpo alikuwa amevaa miwani na analisoma, polepole, akifuata mistari kwa kidole. Alisoma hadi mwisho. Kidole chake kikauteremka ule mstari mrefu wote, kikafika pembeni, kikasimama.

Mwalimu aliuona ukoo mzima ukiteremka na kidole kile. Babu yake aliyekuwa katekista. Leodegar na tai yake. Noela.

"Mwalimu," akasema mzee, "jaribio la saba halina maelezo."

Alifikiria kusema daftari ni la mwanafunzi. Alifikiria kuanguka azimie. Lakini kichwa chake hakikuwa na nafasi ya uongo siku hiyo. Kilikuwa kimejaa nanasi.

"La saba lilifaulu," akasema. "Mwonjaji ndiye aliyefeli."

Mzee hakucheka. Alivua miwani. "Neno nililotumwa ni hili. Mama Lusungu kesho haji. Watakuja wanaume tu, walete kilicholetwa, waondoke. Wiki mbili hizi anafundishwa na shangazi yake mtoto jinsi ya kukaa na kushika uma. Jana usiku akasema, mie siwezi, yule mama atanipa alama mbele ya watu. Nimembembeleza mpaka nimechoka. Na mama asipokuja mwenyewe, unajua tena. Mtoto atakuwa ameoa huku mamaye amenuna. Sie hatuozeshi hivyo."

Mwalimu alikaa kwenye mkono wa kochi, mahali ambapo alikuwa amewakataza watu kukaa tangu kochi linunuliwe.

"Ananiogopa?"

"Mama, mie mwenyewe nimefunga geti mara mbili."

Kisha mzee akaangalia jikoni. "Hilo la saba limebaki?"

Lilikuwa limebaki, nusu jagi. Mwalimu akamletea kwenye bilauri nzuri, chumvi mdomoni, kipande cha embe ukingoni. Akasimama nayo, hakuitoa.

"Kwetu mwenye nyumba huonja kwanza," akasema. "Ila leo, mzee wangu, nimeshaonja kwa niaba ya ukoo mzima, wa kwetu na wa marehemu. Utaniwia radhi, unywe tu."

Hapo ndipo Mzee Polikarpo alipocheka, akacheka mpaka akashika goti. Akanywa. Akalamba chumvi. Akanywa tena.

"Hii mkimpa padri atahama parokia yake," akasema. Kisha akalichukua daftari. "Nipe ukurasa huu nikampelekee mama Lusungu."

"Huo hapana."

"Kwa nini?"

Kwa sababu ulikuwa mwandiko wake, ulevi wake, na kukoroma kwa marehemu, vyote katika karatasi moja, na vitasomwa Temeke juu ya magunia ya mchele. Miaka kumi na minne alikuwa amevisha chupa gauni ili watu wasijue. Akalitazama kabati. Gauni lilikuwa nyuma mbele na ua moja lilikuwa limeanza kuzama ndani.

Alikwenda chumbani, akarudi na kalamu nyekundu. Akaukata ukurasa kwa rula, kwa sababu hata mlevi ana mipaka. Chini ya mstari ule mrefu akaandika, kwa herufi zilizopanda na kushuka: *Nimejitahidi. 31%.* Akaukunja, akampa.

"Asahihishe yeye," akasema. "Mwambie kalamu ninayo, kama hana."

Mzee Polikarpo aliondoka akitembea kwa uangalifu wa kupita kiasi. Geti alilifunga mara tatu.

Usiku Mwalimu alilala na nguo, na asubuhi kichwa kilimuuma kiasi kwamba aliona nukta mbili kwenye kibao. Noela alifika mapema, akatazama bilauri zenye namba, akatazama gauni la chupa, akamtazama mama yake. "Mama, nyie jana mlikuwa na nani hapa?"

"Nilikuwa na kazi," akajibu Mwalimu.

Saa nane gari likapanda mlima. Wakashuka wanaume sita, mmoja mmoja, na kila mlango ulipofunguka Mwalimu alihesabu moyoni. Wa saba alikuwa Mzee Polikarpo. Gari likabaki wazi. Kisha akashuka mwanamke mnene wa vitenge vipya, akishikilia mkoba kwa mikono miwili, akatembea hadi barazani bila kutazama pembeni. Akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa, akampa Mwalimu mbele ya watu wote.

Ile 31% ilikuwa imekatwa kwa wino wa bluu. Pembeni, kwa mwandiko usiopumua, paliandikwa: *arobaini kwa sababu ya ukweli*.

"Mwalimu," akasema mama Lusungu, "mie nimekuja kuona jaribio la nane."

Mwalimu Kokushubila aliufungua mdomo kumweleza kwamba kwa wastani wa majaribio yote alistahili angalau arobaini na tano. Akamwona Noela nyuma ya mlango. Akaufunga, akaenda kuleta jagi. Na safari hii alionja kijiko kimoja tu.