Kiti cha Mbele

Fundi miwani alikuwa mtu wa maneno machache, na jambo hilo alilieleza kwa kirefu kwa kila aliyekalia kiti chake cha kupimia macho. "Mimi si msemaji," alikuwa akianza, huku akimbadilishia mteja vioo. "Hivi ni bora, au hivi? Msemaji alikuwa baba. Hivi, au hivi? Mimi nimemfuata mama." Mteja, kidevu kikiwa kimeegemezwa kwenye chuma, hakuwa na namna ya kujibu wala ya kukimbia. Wengine walichagua miwani upesi upesi ili mradi watoke.

Kwa maoni yake, kelele zote za dunia zilikuwa nyumbani kwake. Mkewe alikuwa mpokea simu wa ofisi ya maji, na mtu anayeshinda akilaumiwa kwa mabomba makavu, fundi aliamini, lazima akirudi azitue lawama hizo kwa mtu. Mama mkwe, aliyehamia chumba cha nyuma goti lilipomsumbua, alikuwa na redio na alikuwa na maoni, na hakuna kati ya hivyo viwili kilichowahi kuzimwa. Basi mwaka alipotimiza hamsini na minne, fundi akajinunulia kimya.

Kimya chenyewe kilikuwa na urefu wa mita tano. Kilikuwa mtumbwi wa kijani wa nyuzi za kaboni zilizoshikwa kwa gundi ngumu, na aliuziwa na mpima ardhi aliyekuwa anahama. Uzito wake kilo kumi na nane tu. Fundi aliubeba begani, akazunguka nao ua mzima wa muuzaji kifua mbele, na alipoambiwa kwamba hata mama wa mpima ardhi alikuwa akiubeba, alijifanya hajasikia.

Ulikuwa na kasoro moja: viti viwili. Kiti kitupu hakikosi mwenyewe, na fundi alimjua mwenyewe ni nani. Kwa hiyo njiani kurudi akaomba gari lisimame dukani kwake. Mpima ardhi akangoja ndani ya gari na mtumbwi juu ya paa, na fundi akapanda juu na bisibisi yake ndogo ya kukazia miguu ya miwani, akapambana na parafujo nne zilizotaka bisibisi ya fundi gari. Ilimchukua saa nzima. Kiti cha mbele akakificha nyuma ya kabati la fremu, akajipangusa jasho, akaenda nyumbani kusema uongo.

"Ni wa mtu mmoja," alimwambia mkewe. "Ndivyo inavyotengenezwa siku hizi."

Mkewe aliutazama kutoka ncha hadi ncha, akayatazama na yale matundu manne yaliyobaki mbele. "Basi huyo mtu ni mrefu kweli," akasema, akaendelea kukunja nguo.

Jumamosi zilizofuata fundi aliishi kama mfalme. Bwawa la nje ya mji lilikuwa tulivu asubuhi, na mtumbwi ulikuwa mwepesi kiasi kwamba ukichovya kasia mara moja tu unateleza, kisha unakaa kusikiliza maji yakipita chini ya miguu. Alipiga kasia na kujisimulia mambo yake kwa sauti ya chini, na hakuna aliyemkatiza. Alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata katika miaka yote ya ndoa, na alimwonea mkewe huruma kidogo, lakini si kiasi cha kurudisha kiti.

Njia ya mwongo ni fupi. Mkewe alikuja dukani kuchagua miwani ya kusomea, akavuta kabati apate mwanga, na kiti kikamwangukia miguuni. Hakupiga kelele. Alikiokota, akakipangusa vumbi, akakitia kwapani na kutembea nacho mtaa mzima hadi nyumbani, akisalimiana na majirani mmoja mmoja. Fundi alifuata nyuma, mikono mitupu, akihesabu Jumamosi zake zilizokufa.

Kiti kikarudi mahali pake. Jumamosi mkewe akaketi mbele, akatazama maji, akapiga kasia. Hakusema neno. Fundi aliungoja msiba uanze, na ulipochelewa, akaona aujaze muda kwa mafunzo.

"Mkono wa juu uinue, mke wangu. Kasia usilikoroge, unalivuta. Hebu jaribu: hivi ni bora, au hivi? Mimi si msemaji, lakini mwenzio asipokuambia utajuaje? Hivi, au hivi?"

Ikapita Jumamosi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ya nne mkewe alivaa jaketi la kujiokolea, akapita kiti cha mbele bila kukitazama, akakalia cha nyuma, akauweka mtumbwi sawa kwa kasia.

"Leo baki," akasema.

"Nibaki wapi?"

"Hapohapo. Mume wangu, kazini naongeleshwa kwa muda wa saa nane. Nyumbani kuna mama na redio yake. Na kuna wewe."

"Mimi?" Fundi alicheka, maana alidhani ni mzaha. "Mimi si msemaji! Waulize wateja. Baba ndiye alikuwa…"

Alimweleza vizuri kabisa, kwa mifano, hata alipoinua macho mkewe alikuwa mbali, anapiga kasia kwa mkono wa juu ulioinuka kama alivyofundishwa, na mgongo wake ulikuwa umelegea kwa raha. Fundi akamgeukia mlinzi wa bwawa akamweleza yeye. Mlinzi alisikiliza kwa adabu, kisha akachukua ufagio, akaenda kufagia mahali alipokwisha kufagia asubuhi.

Ndipo ilipomwingia. Iliuma, tena iliuma sana, kwa sababu alikumbuka sura za wateja wake mmoja baada ya mwingine. Alikaa juu ya jiwe, na kwa mara ya kwanza tangu anunue kimya, akakisikia. Hakikumpendeza hata kidogo, lakini alikivumilia saa nzima.

Mkewe aliporudi uso wake ulikuwa mwepesi, sura ambayo fundi hakuwa ameiona tangu miaka ya uchumba. Fundi alikuwa na mambo saba ya kumwambia. Akaingia majini hadi magotini, akashika mtumbwi usikwaruze mawe, akafungua mdomo, akaufunga.

Mkewe alingoja, kama mpokea simu asiyeamini kwamba upande wa pili wameshakata. Akangoja tena kidogo. Kisha akasogeza miguu.

"Panda," akasema. "Tuzunguke mara moja kabla jua halijawa kali."