Chumvi Iliyosomwa kwa Sauti ya Matanga

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hasira yangu kubwa kuliko zote niliipata juu yangu mwenyewe, asubuhi moja, ndani ya chumba cha redio hapa Kisangani.

Kazi yangu ni kusoma habari kwa Kiswahili. Kwetu redio haianzi na mambo ya wakubwa. Inaanza na wafu: familia zinaleta matangazo kwenye karatasi, fulani amefariki, matanga ni nyumbani kwake Mangobo, ndugu wa Yanonge na Isangi wajulishwe. Chini ya maneno tunaweka kwaya ya polepole, na msomaji anashusha sauti. Kwaya ile ikianza, watu wanaacha hata kufagia, maana kila mtu ana mtu wake.

Mwaka ule maisha yalikuwa yamekaza. Faranga ilikuwa inateremka, watumishi wa serikali wanangoja mishahara, na boti za kutoka Kinshasa zinachelewa. Mama yangu alikuwa anauza chumvi sokoni, kwenye meza ileile tangu nikiwa mtoto, anaipima kwa kopo. Pembeni ya kopo alikuwa na redio ndogo, na sauti yangu ikitoka tu anamwambia mteja, "Uyu ni mutoto yangu." Hata mteja ambaye hakuuliza.

Asubuhi ile misiba ilikuwa mingi. Nilipomaliza wa mwisho nikachukua karatasi iliyofuata: boti yenye chumvi imekwama kwenye fungu la mchanga karibu na Isangi, watu wako salama, mzigo uko salama, wanangoja kuvutwa. Fundi wa mitambo, mzee mpole tunayemwita tonton, alikuwa amesahau kutoa kwaya. Na mimi, kwa haraka, nilikuwa sijabadilisha sauti. Basi nikaizika ile boti pamoja na marehemu wa siku. Hakukuwa na neno hata moja la uongo. Lakini nani alisikia maneno?

Kabla ya saa nne wauzaji wengine walikuwa wamefunika chumvi yao, wangoje bei ipande. Wateja wote wakamgeukia mama. Akawaambia boti itafika, kila mtu achukue kopo moja kama kawaida. Mwanamke mmoja akamjibu, "Mutoto yako analia mu redio, na wewe unasema chumvi iko?" Wakasukumana mpaka mguu wa meza ukavunjika. Mama aliuza yote kwa bei ya jana, hata ile aliyokuwa ameiweka kando kwa ajili ya jikoni kwetu.

Meza tupu ndiyo iliyomponza. Jirani yetu, muuza mchele wa meza ya pili, akaanza kumsema mama: binti yake anapata habari mbele ya watu wote, bila shaka alimwonya, magunia yako nyumbani chini ya kitanda. Lisemwalo lipo, watu wakasema. Siku ya pili wanawake walipita mbele ya mama bila kumsalimu. Mama alikuwa na jina lake tu pale sokoni. Sasa jina lile lilikuwa linaondoka, na aliyelifungulia mlango ni mimi.

Nikaenda kwa mkubwa wetu wa redio, nimewaka. Nataka kusahihisha, nikamwambia. Akaisoma karatasi mara mbili. "Bon, usahihishe nini? Yote iko kweli." Ilipofika karatasi mpya nikarudi kwenye maikrofoni, nikatangaza kwa sauti ya furaha, bila kwaya, kwamba boti imeanza kuvutwa. Sokoni wakasema, "Wanatutuliza tu." Niliumia. Sauti ileile iliyoaminiwa jana bila swali, leo hakuna aliyeitaka, na kilichobadilika ni kwamba leo ilileta mema.

Siku ya tatu, mchana, yule jirani akafika nyumbani eti amekuja kurudisha kinu. Alikuja kuchungulia, nani asijue. Tulikuwa tunakula. Kwetu anayekukuta unakula hasimami mlangoni, kwa hiyo mama akasogeza kiti. "Karibu, tukule." Jirani akakata chikwangue, mkate wetu wa muhogo, akachovya kwenye pondu ya majani ya muhogo, akatia mdomoni. Akaacha kutafuna. Akanitazama mimi, akamtazama mama, ambaye alikuwa anaendelea kula taratibu, kama tulivyokula tangu juzi. Pondu bila chumvi ni majani tu.

"Hata yenu?" akauliza.

"Hata yetu," mama akasema.

Jirani alimaliza sahani nzima, sijui kwa adabu au kwa aibu, kisha akaondoka na kinu chetu mkononi, amesahau kukiacha.

Kesho yake wanawake walimsalimu mama tena. Yule jirani alikuwa amepita meza kwa meza akisimulia alichoonja. Siku chache baadaye boti ikafika, na mguu wa meza ukapigiliwa misumari. Nikafikiri yamekwisha.

Habari ninazosoma asubuhi zinarudiwa saa sita, zimerekodiwa. Mwezi uliofuata nilipita sokoni saa ile, nikajikuta nyuma ya mteja mmoja mbele ya meza ya mama. Redio ndogo ilikuwa inasema kwa sauti yangu.

"Mama, uyu si mutoto yako?" mteja akauliza.

Mama alikuwa anajaza kopo. Akasimamisha mkono, akatega sikio.

"Ngoja kwanza amalize," akasema.