Wekundu Chini ya Hina

Siku ya kuamkia harusi yangu, hapa Busia miaka ya sitini, mguu wangu wa kushoto ulianza kupwita. Jana yake shangazi alikuwa amenitoa funza kidoleni kwa pini, akaipangusa pini ile kwenye kanga yake, kisha akanipaka hina miguu yote miwili mpaka juu ya vifundo. Hina ilikolea, wageni wakaisifu. Mimi nilikuwa natetemeka kwa baridi, na jua linachoma mabati.

"Hiyo ni hofu ya bibi harusi," shangazi alicheka. "Itaisha kesho."

Sikucheka. Mguu ulikuwa umevimba, ngozi inang'aa, na kinenani nilikuwa na mtoki ulionizuia kutembea. Lakini nani angeuona wekundu wakati shangazi mwenyewe ameupaka rangi? Nilikuwa nimesikia habari za turniboi mmoja wa Malaba, utingo wa lori, aliyekatwa mguu kwa kidonda kidogo kama punje ya mahindi. Kila nikifumba macho niliona msumeno. Na bibi harusi hatoki nje. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya soko, na soko zima lina macho.

Mama ndiye aliyenigusa juu kidogo ya hina, akauondoa mkono haraka kwa joto la ngozi. Akamwita dresa wa zahanati, akamwingiza kwa mlango wa nyuma.

Dresa alifuata kwa kidole mstari mwekundu uliokuwa ukipanda kutoka kifundoni kuelekea gotini.

"Mama, hii mguu imeingia sumu," alisema. "Nadunga penisilini sasa, halafu nachora hapa na kalamu. Kesho asubuhi kama wekundu imepita hii alama, harusi wachana nayo. Peleka yeye hospitali."

Asubuhi watu wa bwana harusi walifika kutoka Malaba kwa lori lake, lina maua mbele, dufu zinalia. Shangazi alishika viatu vyangu. Mama akapiga magoti, akainua kanga yangu. Wekundu ulikuwa umeivuka alama.

"Umevuka kidogo tu," shangazi alisema. "Watu watasema nini?"

Nilimjua Mama. Maisha yake yote aliogopa maneno ya watu kuliko ugonjwa wowote. Nikafumba macho, nikingoja kuvishwa kiatu.

Nikasikia akifungua mlango wa mbele na kupaza sauti juu ya dufu zote: "Nyamazeni! Geuzeni lori. Mtoto wangu anaenda hospitali."