Habari ya Mama Tuliyorudi Nayo Melini

Watu wa Kaisho wakisikia kwamba nilipata kufika Bukoba zamani zile, huniomba niwasimulie ziwa na nyumba za bati. Huwa nawasimulia, maana ndicho wanachokitaka. Lakini Bukoba yangu mimi ni kipande cha siku moja tu, tukingoja meli ipakie, na kipande hicho mpaka leo hakijanishuka kooni. Nilisoma madarasa mawili ya shule ya kanisa, basi atakayeona mwandiko wangu umepinda avumilie au aache. Majina siandiki, kwa sababu watoto wa wahusika wapo na Jumapili tunakaa nao benchi moja. Lakini wenyewe nitawataja kila mmoja kwa nafasi yake, na akisomewa atajijua.

Wa kwanza ni baba yetu mdogo, aliyeshika mji baada ya baba yetu kufa.

Mama alikufa wakati wa kupalilia maharage. Tumbo lake lilituzaa watatu: kaka yangu, dada yetu, kisha mimi. Dada alikuwa ameolewa mbali, kwa Wahaya, kwenye vilima vya juu ya mji wa Bukoba. Na kwetu habari ya kufiwa na mama haitumwi kwa mpita njia. Anaipeleka mtoto wa kiume wa tumbo lile lile, kwa mdomo wake, tena haanzi na dada yake. Anaanza na baba mkwe mwenye nyumba. Mzee yule akishampokea na kumpa kahawa ya kutafuna, zile punje kavu zinazotolewa katika kikapu kidogo, ndipo mgeni anaruhusiwa kusema jambo zito. Kisha mzee mwenyewe anamwita mke wa mwanawe, anakalishwa chini, wanawake wanakuwa karibu naye, anaambiwa. Bila hivyo ni kama umeingia katika nyumba ya watu ukamwaga msiba sakafuni ukaondoka.

Kaka alitaka kwenda mara baada ya matanga. Baba mdogo akamkatalia.

"Ng'ombe nimwachie nani? Wewe ndiye unayewajua."

"Baba, dada hajui."

"Atajua. Mama yako hatatoroka kaburini."

Maneno hayo aliyasema mbele ya watu, akiwa anachonga mpini wa jembe, wala hakuinua uso. Tukangoja maharage yavunwe, tukangoja kahawa ikauke, na kabla kaka hajapata nafasi watu wa mkungu, mkuu wa kijiji chetu, wakaja kuchagua vijana wa kwenda vitani. Walituchagua sisi wawili. Wana wa baba mdogo, watatu wenye nguvu kutushinda, hawakuchaguliwa hata mmoja. Yeye na mkungu walikuwa wanakunywa pombe ya ndizi katika mtungi mmoja. Sina la kuongeza hapo.

Tulikwenda kwa miguu mpaka Kituntu, huko tukapakiwa katika lori. Tulishuka Bukoba asubuhi, ufukweni, meli ikiwa imefunga na makuli wanaingiza magunia ya kahawa. Koplo aliyetusimamia alikuwa mtu wa mbali, Kiswahili chake kikali. Akasema, "Meli haijashiba. Tembeeni mkaone mji. Mkisikia honi ya kwanza, rudini. Atakayesikia ya pili akiwa huko, nitamfuata mimi mwenyewe."

Kaka akanishika mkono. Tangu msiba sikuwa nimemwona uso ule. "Mungu ametupa njia," akasema. "Leo dada ataambiwa."

Hapa namtaja wa pili, mjuaji. Huyu alikuwa mwenzetu wa lori, mtu wa Bweranyange, na njia nzima alikuwa akituambia kwamba Bukoba anaijua kama kibanja cha migomba cha mama yake. Kaka alipomtajia kijiji cha shemeji yetu, akajibu bila hata kufikiri, "Ni karibu. Njia yake inapita mjini. Nifuateni."

Tukamfuata. Na sitaki kusema uongo kwa sababu nina hasira: macho yangu yalifurahi. Mafundi cherehani walikaa barazani mguu ukipiga, kitambaa kinakimbia chini ya sindano kama maji. Kulikuwa na duka limejaa taa za kandili zinazoning'inia, na jingine lina mikate imepangwa kama matofali. Kaka alisimama mbele ya ziwa akachota maji kwa kiganja, akayaonja. "Haya ng'ombe wote wa Karagwe wangeyanywa wasiyamalize," akasema, "tena hayana hata tope." Katika duka la Mhindi kulikuwa na kioo kikubwa kuliko mtu. Kaka hakuwa amejiona mzima mzima tangu azaliwe, isipokuwa uso kwenye maji. Akageuka akijitahidi kuuona mgongo wake.

"Nyinyi Wanyambo mnanunua au mnatazama?" mwenye duka akauliza.

"Namtazama huyu," kaka akajibu akionyesha kioo. "Anafanana na baba yetu. Mnamuuza?"

Mwenye duka akacheka, na sisi tukacheka. Ndicho kicheko chake cha mwisho ninachokikumbuka vizuri.

Tulizunguka. Jua likapanda. Mara fundi cherehani mmoja akaacha kushona, akatutazama. "Jamani, mmetumwa kukagua nguzo za baraza yangu? Hii ni safari ya ngapi mnapita?"

Kaka akamgeukia mjuaji. "Njia iko wapi?"

Mjuaji akajikuna. "Wameubadilisha mji."

"Umefika hapa mara ngapi?"

"Nilifika."

"Mara ngapi?"

"Nilishuka sokoni mara moja na baba, kuuza samli. Hatukutoka sokoni."

Kaka hakumtukana. Mimi nilimtukana kwa Kinyambo na kwa Kiswahili, na leo ningemtukana tena kama angekuwepo. Mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi kichwani ndiye aliyetuonyesha njia, akasema tukipanda bila kusimama tutafika kabla chungu cha ndizi hakijaiva. Tukamwacha mjuaji palepale kwenye nguzo zake, tukapanda mbio.

Shemeji yetu tulimkuta uwanjani, chini ya migomba, anachagua kahawa. Huyu ni wa tatu. Alitupokea vizuri, akatandika nyasi safi, tukakaa. Kaka akamwambia kwamba tuna neno la kumwambia baba yake, na meli inatungoja. Shemeji alielewa. Mtu mzima akiambiwa kuna neno la mzee, anaelewa.

"Mzee yuko kwa jirani, wanakamua ndizi za pombe," akasema. "Namleta sasa hivi. Msinyanyuke."

"Shemeji, wewe huwezi kutupa kahawa?"

"Baba yangu akiwa hai? Utaniletea ugomvi, waitu, ndugu yangu. Namleta."

Akaenda. Na kule kwa jirani, haya niliyajua baadaye kwa aliyekuwepo, akamkuta mzee anaonja, naye akapewa kibuyu, akaonja. Aliposema kuna wageni wa mkewe, mzee, ambaye ndiye wa nne, akauliza, "Wameleta nini?" Alipojibiwa kwamba wako mikono mitupu, akasema, "Basi wapumzike, wametoka mbali." Akaendelea kunywa. Na mwanawe akakaa naye.

Sisi tumekaa kwenye nyasi. Dada akatoka nyuma ya nyumba. Alikuwa amenenepa, ana mtoto mgongoni ambaye hatukuwa tunajua habari zake. Akapiga magoti, akamsalimu kaka, akanisalimu mimi, akashika mikono yetu haachii. Akauliza habari za ng'ombe, moja moja, kwa rangi zao. Kisha akauliza, "Mama je?"

Kaka akatazama njia ya jirani.

"Ametulia," akasema.

Kwetu hilo ni jibu la kawaida. Mtu aliyekuwa na homa ikamtoka, unasema ametulia. Kaka hakupata neno lingine lisilokuwa uongo.

"Ashukuriwe Mungu," dada akasema. "Nilimwota vibaya. Kifua hakimsumbui tena?"

"Hakimsumbui."

Akainuka kwa furaha, akakimbilia jikoni, na kule tukamsikia anamwambia mtoto kwamba wajomba wamekuja kutoka kwa bibi. Kaka akainamisha kichwa kati ya magoti. Nikamwambia, "Mwambie." Akasema, "Mzee anakuja." Tukasikia kisu kinamenya ndizi, tukasikia chungu kinatengwa. Njia ya jirani ilikuwa tupu.

Honi ya kwanza ikalia kutoka chini ziwani.

"Kaka, mwambie sasa."

"Nimwambie peke yake, mumewe hayupo, hakuna hata mwanamke wa kumshika? Alie sisi tunakimbia? Wakwe watamkuta anapiga yowe, watasema ndugu zake wamekuja kuilaani nyumba."

"Basi niseme mimi."

"Wewe ni mdogo kwake. Ukisema wewe, itakuwa kama mimi nimekufa pia."

Dada akatoka na moshi machoni. "Mnaondoka? Ndizi zimeshachemka. Nani anaacha chungu cha dada yake motoni?"

"Meli," kaka akasema.

Akazitoa hivyo hivyo nusu mbichi, akazifunga katika jani la mgomba, akatusindikiza mpaka mwanzo wa mteremko. Akasema, "Mkirudi, mwambieni mama nitakuja kuvuna maharage naye." Kaka akaitikia kwa kichwa. Honi ya pili ilitukuta mchangani, na koplo amesimama anatutazama. Melini zile ndizi kaka hakuzigusa. Nilizila mimi, kwa njaa.

Yeye hakurudi. Amebaki Bama, ng'ambo ya bahari tulikopelekwa kupigana, katika msitu ambao hata kaburi lake siwezi kumwonyesha mtu. Mimi nimerudi na sikio moja. Kabla sijarudi, dada alikuwa ameshaambiwa, sokoni, na mchuuzi wa samli wa huku kwetu, aliyempa pole akidhani anajua. Alikuwa amesimama na kapu la samaki. Kwa muda wote ule, kila aliyekuwa anakuja Karagwe, dada alikuwa anampa salamu amfikishie mama.

Nilipokwenda kumpelekea habari ya kaka, alinipokea. Hakulia mbele yangu. Aliuliza neno moja tu: nani kati yetu aliyeamua kunyamaza siku ile. Nikamtajia wote, baba mdogo, mjuaji, mumewe, mkwewe, kama nilivyowataja hapa. Akatikisa kichwa.

"Hao hawakuwa uwanjani," akasema. "Nauliza nyinyi wawili."

Nikasema ni kaka.

Akakunja na kukunjua upindo wa kitambaa chake. Kisha akasema, "Basi sina wa kugombana naye," akaenda kumwagia ng'ombe maji.

Tangu hapo tunasalimiana. Akija huku hulala kwa watu wengine.