Nilitaka Burundi ikae katikati ya ramani ya dunia, Mama akaishia baharini

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Nafundisha jiografia hapa Gitega, Burundi. Nimekulia kambi ya wakimbizi Tanzania. Kutoka kule mdogo wangu mmoja alipelekwa Canada, mwingine Australia, mimi na Mama tukarudi nyumbani. Yeye anaishi Gasorwe, Muyinga.

Mama akaniomba ramani kubwa ya ukutani yenye nukta tatu: yeye na hao wawili walioko mbali.

"Ila usituweke pembeni," akasema. "Sisi tuwe katikati."

Nikaona kazi ndogo. Nikafungua Python, lugha ya kompyuta ninayochorea ramani, central longitude, yaani longitudo ya katikati, nikaweka 30, maana ndipo Burundi ilipo. Afrika ikaja katikati, safi kabisa. Nikatia nukta tatu zenye majina, sikuzikagua, nikapeleka faili kwa Saidi, anayechapisha mabango mjini.

Saidi akaifungua kwenye kompyuta, akaisogelea skrini.

"Mwalimu, mama yako iko wapi?"

"Muyinga."

"Sasa mbona hapa iko mu mazi?"

Kweli bwana, majini. Mama yuko Bahari ya Hindi. Wa Canada yuko Atlantiki, wa Australia Pasifiki. Familia nzima imezama.

"Enfin, mi naweza kuimprimer kwa karatasi," Saidi akasema, "lakini we utamwambia nini?"

Nikarudi nyumbani nimenuna. Nikabadili projection, yaani namna ya kuilaza dunia kwenye karatasi, nikaweka ile iitwayo Robinson. Ndiyo ikawa balaa: nukta zote tatu zikarundikana sehemu moja, upande wa Uganda. Mwalimu wa jiografia mzima!

Wikendi yote ikaishia hapo. Kumbe kuhamisha katikati ya ramani ni jambo moja, na kuiambia program kwamba nukta zako ni longitudo na latitudo za kawaida ni jambo jingine. Hiyo ya pili inaitwa transform, na humo ile 30 haiingii. Nilivyoiweka tu, kila mtu akarudi nchi kavu. Msirudie ujinga wangu.

Saidi akachapa, nikapanda nayo Gasorwe.

Mama akaitazama muda mrefu. Akaweka mkono mmoja Canada, mwingine Australia, mikono ikatanuka mpaka mwisho.

"Basi hawa wakitaka kuonana," akasema, "lazima wapite hapa kwangu."

Wakuu, dunia ni mviringo. Wale wakitaka kuonana wanakatiza Pasifiki, huku hawafiki kabisa. Mimi ndiye niliyeikata ramani pale Pasifiki, nikawatupa kingo mbili.

Sikumwambia. Nyie mngemwambia?