Jino la Kukatia Uzi

Yule mshonaji alikuwa na hasira za karibu, na wateja waliompenda walimpenda nazo. Ila jino lilipomvimbisha mdomo, hakuna aliyethubutu kumsogelea isipokuwa wifi yake, aliyeshona naye chumba kimoja, cherehani kwa cherehani.

"Ng'oa tu, wifi," alisema huyo wifi bila kuacha kukanyaga cherehani. "Hayo mambo ya kutibu mzizi nimeyasikia. Wanakuchokonoa mpaka unaona nyota mchana. Afadhali uzae mapacha."

"Nani kakuuliza?"

Jino lenyewe lilikuwa la mbele, juu, kando ya mwanya. Na mwanya ule ulikuwa wa marehemu mama yake. Mama hakumwachia nyumba wala shamba. Alimwachia cherehani, mwanya, na mtindo wa kukata uzi kwa meno, chap, bila kuinua kichwa. Leo aupoteze mwanya kwa sababu wifi anaogopa sindano? Thubutu!

Lakini maneno yalikwisha kumwingia. Akawa anaahirisha, anameza vidonge vya maumivu, analalia shavu moja na kufokea wateja. Siku alipokwenda kwa daktari wa meno alikuwa amenuna, tayari kwa vita.

"Niambie kila kitu, daktari. Usinifiche kama mtoto."

Daktari, mwanamke wa makamo asiye na maneno mengi, akamweleza. Angemchoma ganzi. Angetoboa jino kwa nyuma, atoe neva iliyooza, asafishe ndani ya mzizi kwa visindano vyembamba, atie dawa na kuziba kwa muda. Siku nyingine angeziba moja kwa moja, kisha jino livishwe kofia ngumu ya kulikinga.

"Na kabla ya kofia, usiling'atie kitu," daktari alimwambia. "Halitakuuma tena, kwa hiyo halitakuonya."

Sindano ya ganzi ilimfinya. Baada ya hapo ukawa mtetemo, harufu ya dawa, na taya kuchoka kwa kupanuliwa. Basi, ni hayo tu! Machozi yakamtoka, daktari akasimamisha mashine akidhani anaumia. Haumii kitu. Alikuwa amepandwa na hasira. Siku zote zile za kujitesa, kwa hadithi za mtu ambaye hajawahi hata kukikalia kile kiti!

Aliporudi kazini akamshukia wifi mzimamzima. "Nyota zako ziko wapi? Mapacha wako wapi? Muongo mkubwa we!"

Wifi akainamia kitambaa chake. Mshonaji akakaa, bado anafoka, akaanza kupiga pindo la suruali ya jinzi. Mkasi ulikuwa unaning'inia shingoni mwake. Wakati jino linauma alilazimika kuutumia. Sasa hakuna kilichouma. Alipomaliza pindo akauinamia ule uzi mnene, akaung'ata.

Ka!

Hakusikia maumivu yoyote. Aliona tu kipande cha jino juu ya jinzi, na wifi yake amesimama, mkono mdomoni. Alimngoja aseme neno, neno moja tu, apate wa kumrarua. Wifi hakulisema. Alichukua mkoba, akamshika mkono, wakaondoka.

"Umeng'ata nini?" daktari aliuliza, akiangalia ufa ulioshuka mpaka kwenye mzizi.

Mshonaji akamtazama daktari, akamtazama wifi pale mlangoni. Hasira ilikuwepo tele, ila hakumpata wa kumtupia.

"Uzi."

Daktari akashusha pumzi. Jino halikuwa la kuokolewa tena, lingeng'olewa. "La bandia tutalifanya pana kidogo, tuuzibe na huo mwanya," alisema kwa kumliwaza. "Utapendeza."

"Hakuna kuziba!" Akaupiga mkono wa kiti, wifi akashtuka. Kisha akaivuta midomo yake kwa vidole ili daktari aone vizuri.

"Upime kwanza, kabla hujang'oa. Ubaki hivihivi. Ni wa mama, na nimeuvunja mwenyewe."