Sarafu ya Mama Kabura

Harufu ya ndimu iliyochanganyika na majivu hunirudisha uani kwa bibi yangu, Ujiji, miaka ile wakimbizi wa Burundi walipokuwa wakivuka kwa wingi. Bibi alisugua kila kitu kwa ndimu na majivu: masinia, birika, hata vikopo vyangu vya kuchezea. Msinicheke, lakini niliamini angepewa nafasi angelisugua na ziwa.

Mwaka huo alimpokea Mama Kabura, fundi wa nguo aliyeshuka mtumbwini na mtoto mgongoni. Cherehani yake aliiacha kwao. Alichokuja nacho ni sarafu moja aliyoachiwa na baba yake, imefungwa kwenye pindo la kitenge, nyeusi kama tako la sufuria. Sonara wa sokoni aliigeuzageuza akasema si dhahabu, basi haimfai.

Kisha akaja Bwana Mosha, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa kwetu kutoka Moshi. Yeye alikusanya fedha za kale kama sisi watoto tulivyokusanya visoda. Aliiweka sarafu kiganjani, akatoa kioo cha kukuzia, akaniita na mimi nichungulie. Niliona taji, mwaka 1916, na chini yake herufi T.

"Tabora," alisema. "Vita vilizuia meli, Wajerumani wakaishiwa fedha. Wakazitengeneza wenyewe kule, kwenye karakana ya reli."

Akataja bei. Mama Kabura alimshika bibi mkono. "Mama, hiyo si bei ya cherehani kabisa?"

Bwana Mosha aliahidi kurudi mshahara ukitoka. Siku za kumngoja zilikuwa na furaha mle ndani. Mama Kabura alinipima mabega kwa uzi, akaniahidi gauni la marinda.

Asubuhi moja, yeye akiwa ziwani anafua, bibi aliichukua ile sarafu akaketi nayo kwenye kigoda. Nilimtazama akiisugua mpaka ikawa ya manjano, inametameta. Alitaka mgeni wake apate bei nzuri zaidi. Mama Kabura aliporudi aliipokea kwa mikono miwili. "Urakoze, mama," alishukuru kwa Kirundi.

Bwana Mosha alipoiona, uso ulimshuka.

"Nani ameisafisha?"

Bibi alifungua kinywa. Mama Kabura akamtangulia.

"Ni mimi, bwana. Nilitaka ing'ae."

"Ah, mama! Wanunuzi wanataka ile rangi yake ya uzee. Hii imeshachubuka."

Alichotoa kilitosha kitambaa, mkasi na sindano. Mama Kabura alicheka, akasema macho yake bado yanaona tundu la sindano, atashona kwa mkono. Bibi aliinama akapanga vikombe vilivyokuwa vimeshapangwa. Tangu kesho yake alizunguka nyumba hadi nyumba, mpaka Bangwe, akimtafutia wateja.

Mimi nilikasirika. Chuoni, tulikosoma Kurani, tulifundishwa kuwa uongo ni dhambi, na huu nilikuwa nimeusikia kwa masikio yangu. Nilimuuliza bibi kwa nini hakusema kweli. Alinivuta kifuani.

Nilielewa ukubwani, nilipoishi miaka kadhaa kwa watu, nikila chakula chao na kulalia mkeka wao. Bibi angeaibika uani kwake mwenyewe kwa kosa la wema, na Mama Kabura hakuwa radhi kuliona jambo hilo, hata kama cherehani yake imekwisha kwenda.